Umepata ufadhili, umefika Mlimani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilishuka Ubungo alfajiri, siku hizo mabasi ya mikoani yakiishia pale, nikiwa na begi la kaka, ndoo mpya yenye mfuniko, na barua ya ufadhili niliyoikunja mara nne nikaificha ndani ya Biblia. Nilikuwa nimetoka Kasulu, mkoani Kigoma. Barua ilisema ada imelipwa, malazi yamelipwa, na nitapewa fedha ya kujikimu. Haikusema nimjibu nini mjomba atakapopiga simu wiki ya tatu, wala nifanye nini mhadhiri akimaliza saa nzima nami sijaandika hata mstari.

Tangu nimalize, kila ifikapo Oktoba na Novemba wadogo zangu wa shuleni hunitumia maswali yale yale. Nimechoka kuwajibu mmoja mmoja kwa sauti za WhatsApp, kwa hiyo nimeyaweka hapa. Mifano mingi ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tunachokiita Mlimani, kwa sababu ndiko nilikosoma. Aliye chuo kingine, kama UDOM, Mzumbe au Sokoine, abadilishe majina ya majengo, mengine yanafanana. Jambo moja nitalirudia mpaka mnichoke: mwanafunzi wa ufadhili ana tabia ya kunyamaza. Anaona kwa kuwa amepewa, hana haki ya kuuliza, kulalamika, wala kukiri kwamba kuna kitu kinamshinda. Matatizo mengi niliyoyaona yalianza yakiwa madogo, yakakua kwa kunyamaziwa.

Ufadhili na mkopo vina tofauti gani? Nyumbani wanavichanganya.

Wanavichanganya hata walioko chuoni. Mkopo ni ule wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005. Huo ni deni. Ukiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wako kila mwezi mpaka liishe. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyowafanya kaka na dada zetu walipe deni lisilopungua, ilifutwa mwaka 2021.

Ufadhili haurudishwi. Mfano unaojulikana sasa ni Samia Skolashipu, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Upo pia ufadhili wa mashirika, makampuni, makanisa, na nchi za nje. Kutorudishwa hakumaanishi kwamba hauna masharti. Karibu kila barua ina kiwango cha ufaulu usichotakiwa kushuka chini yake, ina kipengele cha kubadili kozi, na ina kipengele cha kuahirisha mwaka. Isome barua yako ukiwa na kalamu. Kila penye "iwapo", "endapo" au "isipokuwa", pigia mstari. Mimi nilikuja kuisoma yangu vizuri baada ya kuteseka kwa jambo ambalo ukurasa wa tatu ulikuwa umelipatia dawa. Nitalieleza huko mbele.

Na kama umepata vyote viwili, mkopo na ufadhili, sema mapema pande zote mbili. Usingoje waje kugundua wenyewe.

Basi linafika usiku na Dar simjui mtu. Nifanyeje?

Mabasi ya mikoani sasa yanaishia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Kama umefika saa nane za usiku, kaa ndani ya kituo mpaka kupambazuke. Vyeti halisi viwe kwenye begi dogo la kifuani, siyo kwenye begi lililo chini ya basi. Anayekuja mbio kukupokea mzigo na kukuita "mdogo wangu" si kaka yako. Asubuhi panda daladala za Mwenge au za njia ya Ubungo, kisha uliza Chuo Kikuu. Kila konda anapajua.

Chumba kikoje? Na hiyo "kubebana" ninayoisikia ni nini?

Kuna mabweni ya zamani ndani ya kampasi, kuna hosteli ya Mabibo nje kidogo, na kuna Hosteli za Magufuli zilizofunguliwa Aprili 2017 zenye nafasi 3,840. Hata hivyo wanafunzi ni wengi kuliko vitanda, ndiyo maana wengine hupanga Sinza, Changanyikeni, Msewe au Makongo.

Kubebana ni kumlaza mwenzako aliyekosa chumba kwenye kitanda chako. Sheria za hosteli zinakataza, na kila mtu anajua hali ilivyo. Sitakwambia umfukuze rafiki yako usiku. Nitakwambia tu kwamba jina lililoandikwa kwenye chumba ni lako, adhabu ikija inakuja kwako, na mfadhili wako anaweza kupata nakala ya barua ya adhabu. Anayekaa kwako siku mbili mnaelewana. Anayehamisha ndoo na pasi, mkalishe mzungumze.

Halafu usiache mkate dirishani. Tumbili wa Mlimani hawana mkopo wala ufadhili, wanaishi kwa chakula chako.

Usajili una ugumu gani?

Foleni na namba za malipo. Nenda siku ya kwanza, beba nakala tano za kila kitu na picha ndogo. Kama malipo ya mfadhili bado hayajaonekana kwenye akaunti yako ya chuo, usirudi chumbani kulia. Beba barua ya ufadhili uende ofisi inayoshughulikia wanafunzi wa ufadhili, na papo hapo umwandikie mratibu wako wa ufadhili. Fedha za wafadhili huchelewa, ni jambo la kawaida, na mara nyingi barua tu inatosha kukupa muda.

Fedha ya kujikimu inaingia kwa mkupuo. Mbona inaisha wiki ya tatu?

Kwa sababu hujawahi kushika kiasi hicho. Wala sikucheki. Wengi wetu kabla ya chuo fedha kubwa tuliyowahi kushika ni ya nauli ya kwenda shule na matumizi ya muhula.

Tuchukue kiwango cha Bodi, ambacho tangu 2023/24 ni shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi. Wafadhili wengine wana viwango vyao, lakini hesabu ni ile ile. Siku 60 ni 600,000. Bumu, yaani hiyo fedha ya kujikimu, limeingia, kampasi yote inanukia kuku. Unatuma nyumbani 120,000. Unanunua simu ya 180,000 kwa sababu ile ya zamani haifungui mafaili ya mhadhiri. Viatu, nywele, na sherehe ya kumkaribisha mwenzenu, 50,000. Umebaki na 250,000, na bado unajiona tajiri. Igawe kwa 60: ni shilingi 4,166 kwa siku, pamoja na sabuni, bando, nauli na kurudufisha madesa, yaani notisi za masomo. Na hapo sijahesabu kodi kama unalipa mwenyewe.

Kilichonisaidia mimi ni mama ntilie. Nilikuwa na mama mmoja wa Changanyikeni aliyekuwa akipika wali maharage na mboga za majani. Kila fedha ikiingia, kabla sijafika dukani, nilimlipa chakula cha mchana cha mwezi mzima, naye akaniandika kwenye daftari lake la kaunta. Hata nikifilisika, saa saba nina sahani yangu. Baadaye nikagundua wenzangu wengi wa mikoani walikuwa wakifanya hivyo kimyakimya, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake.

Kilichobaki nilikigawa kwa wiki. Fedha ya wiki moja tu ilikaa kwenye simu. Nyingine ilibaki benki, na kadi ya benki nikamwachia dada niliyekuwa nalala naye chumba kimoja. Alikuwa mlokole mkali. Kumwomba kadi kulihitaji maelezo, na maelezo mengine yalinishinda kuyatoa.

Ndugu wananiomba hela. Wanajua "serikali inanilipa". Nawajibuje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na huulizwa usiku.

Nianze na yaliyonikuta. Muhula wa kwanza mdogo wangu alirudishwa shule kwa michango. Mama hakuniomba. Aliniambia tu, akanyamaza, na ule unyamavu wa mama mnaujua. Nikatuma 200,000. Wiki tatu zilizofuata nikaishi kwa chai na chapati moja asubuhi, na maji. Siku moja nikiwa maabara nikaona meza inasogea. Nilizindukia kwenye benchi la nje, wenzangu wakinipepea kwa daftari.

Nilipopelekwa kwa mratibu wa ufadhili, baada ya miezi ya kumkwepa, alinisikiliza, akafungua nakala ya barua yangu ukurasa wa tatu. Kulikuwa na fungu la dharura. Halikuwa kubwa, na halikuwa la kulipia michango ya ndugu, lakini lingenilisha. Akaniuliza kwa nini sikusema. Nilimwambia niliona aibu kuomba tena kwa watu walionipa kila kitu. Alicheka kidogo, akasema wanalipa ili nisome, na anayezimia hasomi.

Sitakwambia usitume nyumbani. Anayetoa ushauri huo hakukulia kwetu. Kuna nyumba zilizouza mbuzi ili mtoto wao apate godoro la kwenda nalo bwenini, na mtoto huyo hawezi kula chipsi kuku huku akijua nyumbani wanakopa unga. Tuma. Ila wewe ndiye upange kiasi, kabla simu haijaita.

Mimi nilipanga hivi. Kila fedha ikiingia, mama anapata 40,000. Hazipungui, haziongezeki, na hapati mtu mwingine. Kisha nikamweleza mama hesabu yote, shilingi kwa shilingi, kitu ambacho sikuwahi kukifanya na mtu mzima yeyote. Alishangaa kusikia chumba cha Dar kinalipiwa. Tangu siku hiyo ndugu wakinipigia nilikuwa na jibu: "Shikamoo mjomba. Fedha yangu yote nimeikabidhi kwa mama, naomba uzungumze naye." Mama akawa waziri wa fedha, na hakuna mjomba aliyemweza. Kama mama hayupo, tafuta shangazi, babu, kaka mkubwa, yeyote ambaye watu wanamheshimu na wewe unamwamini.

Kuna ndugu watakaosema umebadilika, umeringa, umesahau ulikotoka. Mmoja aliniambia hivyo mwaka wa kwanza. Alikuja kuniomba radhi mwaka wa nne, na siku hiyo hiyo akaniomba nauli.

Kiingereza kinanipiga. Naelewa nikisoma, mhadhiri akiongea siambulii kitu.

Si wewe tu, hata kama darasa zima linatikisa kichwa. Shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Sekondari kitabu ni cha Kiingereza, lakini mwalimu mwenye huruma alikuwa akigeuka na kusema, "Sasa hapa maana yake ni hivi." Chuoni wengi hawageuki.

Soma kabla ya kipindi, siyo baada. Ukisoma kurasa kumi za mada usiku, kesho masikio yanakuwa na vigingi vya kutundikia maneno. Kipindi kikiisha, kaa na wenzako kwenye kimbweta, zile meza za nje za kusomea, mkirudie kwa Kiswahili, kila mmoja aeleze alichokipata. Mkishakielewa kwa Kiswahili, kiandikeni kwa Kiingereza, sentensi fupifupi. Lile somo la stadi za mawasiliano la mwaka wa kwanza, ambalo wakubwa watakwambia ni la kupoteza muda, lichukulie kwa uzito. Walioniambia hivyo wengi walitoka shule za ada kubwa.

Na jifunze maneno ya mitihani. Swali likikutaka ujadili, halikutaki uorodheshe. Likikutaka ulinganishe, halikutaki ueleze upande mmoja kurasa tatu halafu wa pili mistari miwili. Nilipoteza alama nyingi kwa kujibu maswali ambayo hayakuulizwa, na majibu yenyewe yalikuwa sahihi!

Darasa lina mamia ya watu. Mhadhiri atanijuaje?

Chuo hiki kilipoanza Oktoba 1961, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wanafunzi wake wote walikuwa wa sheria na hawakufika ishirini. Hao walijulikana kwa majina. Wewe uko Yombo au Nkrumah Hall, umekaa ngazi za nyuma.

Utajulikana kwenye semina, ambako mnakuwa wachache na mtu anatakiwa kuongea. Semina ya kwanza usiongee kitu kikubwa. Uliza swali moja ulilolitayarisha chumbani. Ya pili, moja lingine. Halafu kuna saa za ofisi. Wahadhiri wengi hubandika mlangoni saa za kuonana na wanafunzi, na saa hizo wengi wao hukaa peke yao. Nenda na karatasi yako ya testi, ukaulize ulipokosea.

GPA inahesabiwaje? Barua yangu inasema isishuke.

GPA ni wastani wa pointi za kozi zako. Kwa Mlimani, alama 70 na kuendelea ni A, yenye pointi 5. Kuanzia 60 ni B+, pointi 4. Kuanzia 50 ni B, pointi 3. Kuanzia 40 ni C, pointi 2. Chini ya hapo unaingia eneo la sapu, mtihani wa kurudia. Daraja la kwanza linaanzia GPA ya 4.4, daraja la pili la juu 3.5, la pili la chini 2.7, na pasi 2.0.

Ambalo wengi hawalioni mpaka matokeo yatoke ni uzito wa kozi, unaopimwa kwa krediti. Sema una kozi mbili, moja ya krediti 12 na moja ya krediti 8. Ukipata A kwenye ile ya 12 na C kwenye ile ya 8, una 60 na 16, jumla 76, gawa kwa 20: ni 3.8. Zigeuze, C kwenye nzito na A kwenye nyepesi, una 24 na 40, jumla 64, gawa kwa 20: ni 3.2. Herufi ni zile zile, lakini mmoja yuko salama na mwingine anaandikiwa barua na mfadhili. Kwa hiyo mwanzo wa muhula andika kozi zote na krediti zake ubandike ukutani, upige msuli, yaani usome kwa bidii, kwa kufuata hiyo karatasi, siyo kwa kufuata kozi unayoipenda.

Nilikuwa wa kwanza shuleni tangu darasa la tatu. Testi ya kwanza nimepata 31. Nimeshaharibu?

Hapana.

Ngoja niseme zaidi, maana najua "hapana" haikutoshi. Chumba hicho kimejaa watu waliokuwa wa kwanza. Mkikusanywa wa kwanza mia tatu, lazima mmoja wenu awe wa mia tatu, naye hajawa mjinga usiku mmoja. Isitoshe, ulifika ukitumia njia iliyokufikisha: kukariri notisi za mwalimu. Huku notisi hazimalizi mada.

Testi ni sehemu tu ya alama za muhula. Mtihani wa mwisho, UE, bado una sehemu kubwa. Fanya mambo mawili wiki hii hii. Kaonane na mhadhiri au msaidizi wake na karatasi yako. Kisha mwambie mratibu wa ufadhili kwamba umeanza vibaya na unafanya nini. Mfadhili anayekusikia mwezi wa pili anakutafutia mtu wa kukufundisha. Anayekusikia baada ya matokeo kubandikwa anafungua faili lako na kusoma masharti. Kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, hakuji ghafla. Nimewaona wawili waliodisko, na wote wawili walikuwa wameanza kujificha tangu testi ya kwanza.

Wenzangu wana laptopu, magari ya wazazi, wanakula kwenye maduka ya Mlimani City. Najisikia mdogo.

Utajisikia hivyo kwa muda. Mimi nilikuwa na gauni mbili za darasani, nikazifua zamu zamu mpaka rafiki mmoja akaniuliza kama ni sare. Niliumia. Baadaye nikajua aliuliza kweli, alidhani ni sare ya wanaosomeshwa na shirika letu.

Usidanganye ulikotoka. Uongo wa aina hiyo una gharama ya kila siku: nguo, soda za watu, nauli za kwenda mahali usipotaka. Ukisema mara moja, kwa sauti ya kawaida, "Mimi nasomeshwa, leo sina hela ya kwenda huko," watakaobaki ndio marafiki. Na kusomeshwa hakujaanza na wewe. Mwalimu Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949 kwa ufadhili, akarudi 1952 na shahada yake, na sijasikia mtu akimsimanga kwa hilo.

Laptopu si lazima mwaka wa kwanza, isipokuwa kama kozi yako ni ya kompyuta au uhandisi na barua inaitaja. Kuna kompyuta chuoni, na maktaba mpya iliyofunguliwa 2018 ina nafasi nzuri ya kukaa. Wahi asubuhi.

Mhadhiri ananiambia nimfuate mahali nje ya chuo "tuzungumzie matokeo". Nikikataa nitafelishwa, nikisema nitapoteza ufadhili.

Usiende. Hiyo ina jina, nalo ni rushwa ya ngono, na ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Ni kosa la mwenye mamlaka anayeomba. Wewe hujakosa kitu.

Usifute ujumbe wake. Andika tarehe, saa na maneno aliyosema. Mwambie mtu mmoja siku hiyo hiyo: dada wa chumba, mratibu, mshauri wa wanafunzi. Vyuo vina madawati ya jinsia, na TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa namba 113. Kama ni lazima umwone kwa jambo la masomo, nenda ofisini, saa za kazi, na mwenzako akusubiri mlangoni. Wavulana nao yanawakuta, na wao ndio hunyamaza zaidi.

Mwanafunzi wa ufadhili ndiye hulengwa kwa sababu anajulikana kuwa na kitu cha kupoteza. Waratibu wote ninaowafahamu wangekuwa upande wako wakijua. Wakijua.

Nikiugua?

Hakikisha una kadi ya bima. Bima ya wanafunzi ya NHIF ni shilingi 50,400 kwa mwaka, na wafadhili wengi huilipa, lakini kadi haijitengenezi yenyewe. Jaza fomu wiki za kwanza. Kama ni ugonjwa wa kukufanya uahirishe muhula, andika barua ya kuahirisha kabla ya mitihani, chuoni na kwa mfadhili, pamoja na cheti cha daktari. Hilo hilo kwa ujauzito. Anayeahirisha kwa barua anarudi. Anayetoweka anahesabiwa ameacha.

Je, kama siumwi mwili ila sina hamu ya kitu chochote?

Huko nako ni kuugua. Kukosa usingizi wiki mbili, kukaa chumbani vipindi vikipita, kulia bila sababu: nenda kwa mshauri nasaha wa chuo. Sala zisaidie, na mshauri asaidie, havigombani. Muhula wa kwanza mimi nilikuwa nikipanda daladala kwenda Mwenge na kurudi, bila shida ya kwenda Mwenge, ili tu nisikie watu wakiongea. Kilichonitoa ni kwaya. Mwingine kilimtoa mpira, mwingine jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu, mwingine watu wa mkoa wake waliokuwa wakikutana Jumapili kula samaki aina ya migebuka. Tafuta kundi moja linaloshangaa usipokuja.

Ukiacha GPA, nifanye nini kingine?

Mwaka wa kwanza, kidogo sana. Jifunze kuishi. Mwaka wa pili ingia kwenye kitu kinachokulazimisha kusimama mbele ya watu: mdahalo, chama cha kozi yenu, uwakilishi wa darasa. Mimi nilikuwa nikitetemeka sauti mpaka nilipopewa kazi ya kuwafundisha hesabu watoto wa kidato cha pili jirani na hosteli. Watoto hawana huruma, ukikosea wanakwambia. Miezi sita baadaye niliwasilisha kazi yangu darasani bila kushika karatasi.

Kwenye mafunzo ya vitendo, fildi, usichague mahali kwa sababu ni karibu na nyumbani. Nenda watakakokupa kazi. Waliokaa fildi wakichemsha chai ya ofisi walirudi na ripoti nzuri na hawana wanachokijua.

Mfadhili anataka barua kila mwaka. Naandika nini?

Usiandike kurasa mbili za "nashukuru sana kwa moyo wenu wa ukarimu". Anazo nyingi. Mwandikie ulichosoma muhula huu kilichokushangaza, kilichokushinda, na unavyopambana nacho. Mwaka mmoja niliandika jinsi nilivyopata sapu ya takwimu na mtu aliyenifundisha kimbwetani hadi nikafaulu. Niliituma nikiwa na hofu. Ndiyo barua pekee waliyonijibu.

Kama kuna shida, iandike humo pia, kwa mstari wake, waziwazi.

Mahafali: naweza kuleta watu wangapi?

Wengi kuliko kadi utakazopewa, ukiwaambia wengine wabaki nje na maua. Nyumbani watataka kuja basi zima. Anza kuweka akiba ya nauli yao mwaka wa mwisho, elfu tano tano, na joho azima mapema.

Mama yangu alikuja na shangazi, siku mbili njiani, na mfuko wa dagaa. Walikaa Mlimani City ukumbini toka asubuhi. Nilipotoka na joho, kabla hajanikumbatia, mama alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini: wale waliokulipia ni wepi kati ya hawa, na dagaa watakula?